Blanketi la Dharura

Nilipokuwa mtoto, kwetu milimani juu ya Molo, blanketi jipya halikuwekwa bila mwenyewe. Shosho, mama yake baba, alisema blanketi kama hilo hujitafutia mtu, na likimpata halimwachi. Alisema hivyo akimenya viazi, kama anayesema mvua itanyesha.

Mama aliolewa pale kutoka Nakuru mjini. Mvua moja ya masika ilikata barabara wiki mbili. Ilipofunguka, mama akaandaa sanduku la bati: viberiti ndani ya karatasi ya nailoni, mishumaa, tochi, sukari, dawa za homa, na juu ya vyote blanketi zito la kijivu. Alitukataza kulifungua. Barabara ikikatika tena, alisema, hakuna gari litakalofika hapa hadi matope yakauke.

Shosho alilitazama lile blanketi. "Hilo ni la nani?"

"La dharura, mama."

"Dharura si mtu. Mpe mtu."

Mama alicheka, akafunga sanduku. Mimi sikucheka. Nilikuwa na miaka minane, na mdogo wetu Ezra alikuwa na miezi saba. Niliwaza kwamba blanketi likianza kutafuta, litaanza na asiyeweza kukimbia. Siku mama alipokwenda shambani, nikalitoa, nikalificha kwenye banda la ndama, ndani ya nyasi kavu.

Mvua ya mawe ilikuja mwezi uliofuata, saa nane mchana. Upepo ulibeba mabati ya chumba cha kulala, na malazi yote yakalowa. Barabara ilikuwa imekatika tangu Jumapili. Baba alikuwa kazini Salgaa. Ezra alikuwa na kifua siku mbili. Sasa mbavu zilikuwa zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Mama akasema atamteremsha kwa miguu hadi lami. Akafungua sanduku.

Viberiti vilikuwepo, vikavu. Blanketi halikuwepo.

"Mama, umelipeleka wapi?" akamuuliza Shosho.

"Sijaligusa," Shosho akasema. "Nilikwambia. Limetoka kutafuta."

Banda la ndama lilikuwa hatua ishirini kutoka pale. Mama akanigeukia, akaniuliza kama nimeliona. Nikasema sijaliona. Sikuogopa kiboko. Niliamini kwamba nikilileta, litakuwa limempata.

Akamfunga Ezra mgongoni kwa leso mbichi, akamfunika kwa gunia la viazi, akashuka. Alirudi kabla giza halijaingia, akitembea polepole. Hakuwa amefika lami.

Asubuhi Shosho alikwenda kumtafutia ndama nyasi, akarudi na blanketi mikononi. Hakuna aliyeuliza lilifikaje kule. Kwa Shosho, lilitembea. "Limempata," akasema, na Ezra akazikwa nalo. Wanawake wa kanisa waliomsaidia mama kupika walinong'ona kwamba yeye ndiye aliyeliita. Mama aliwasikia. Miaka iliyofuata, mgeni akija, Shosho alimtambulisha mama hivi: "Huyu ndiye yule wa sanduku."

Sijui kama blanketi lingemwokoa. Najua lilikuwa kavu, na najua lilikuwa wapi.

Shosho alishakufa. Mama anaishi nami mtaa wa Free Area, Nakuru. Masika haya, redio ilipotangaza kwamba mvua itakuwa kubwa, nilianza kupanga vitu kwenye ndoo yenye kifuniko: tochi, viberiti, dawa, maji, blanketi. Mama alikuwa ameketi akichambua maharagwe.

"Hilo la mwisho ni la nani?"

Nikamwambia ni la dharura tu.

"Weka hivyo vingine," akasema. "Hilo mpe mtu. Mimi sikusikia, unajua kilichonipata."

Maneno machache yangetosha kumtua mzigo aliobeba miaka yote hii. Nilikuwa nayo mdomoni. Yangemwonyesha pia ni nani aliyekuwa amesimama kando ya sanduku siku ile, akimtazama machoni.

Nikalitoa blanketi, nikampelekea jirani. Ilikuwa mara ya pili kumtolea mama blanketi, na mara ya pili kunyamaza.