Malenge Juu ya Kitanda

Nilipohamia chumba changu mtaani Shieywe, nilipaka ukuta mmoja rangi ya kijani, nikatandika mkeka na kuning'iniza vyungu vya mimea dirishani. Mama akaja kutoka kijijini Matete, akasimama mlangoni.

"Sisi tunafyekanga kichaka kisikaribie nyumba. Wewe unakileta mpaka kitandani."

Akauliza ni mmea upi kati ya hiyo unaoliwa. Nikasema hakuna.

Asubuhi, kabla hajaondoka, alipanda mbegu za malenge kwenye chungu kikubwa. Sasa mmea huo umetambaa hadi juu ya kitanda. Marafiki wakija huupiga picha huo tu. Hakuna aliyewahi kuuliza mbona katikati una pengo. Hapo ndipo ninapochuma mboga ya jioni.