Nilimvalisha mjukuu wangu sweta ya wenye siku nzima, sasa wanataka nimkane

Admin, jina langu lifiche vizuri, maana Kisugu hii hata mbuzi wananijua. Natuma kwa sauti kwa sababu mimi na kalamu hatujawahi kusalimiana. Wewe andika tu, ila utani wangu usiukate. Umri wangu ni miaka sabini na kitu. Hicho kitu nakiacha, kuna mjane huko Nakawa bado anafikiri niko hamsini.

Mimi nilikuwa dereva wa lori, Juba, Kisangani, kote huko. Siyo hawa wa siku hizi wanaoonyeshwa njia na simu. Siku moja simba alilala katikati ya barabara, nikapiga honi, akaamka akaniomba samahani. Na vizuizi vya askari nilivipita kwa kofia. Chini ya kiti nilikuwa nazo za kila aina. Nikiona wanajeshi, navaa ya kijani. Nikiona masheikh, navaa nyeupe. Watu wenye bunduki walinipigia saluti, mimi ambaye darasa la kwanza sikulimaliza! Hiyo kofia muikumbuke, ndiyo imeniponza.

Naishi na binti yangu na mtoto wake wa kike wa miaka kumi na sita, ananiita Jjajja, yaani babu, yuko sinia ya tatu, mwaka wa tatu wa sekondari. Binti yangu alipigwa na kiharusi, upande mmoja haufanyi kazi. Mimi mgongo wangu umekwisha kwa lori, siwezi kumwinua, na kumwogesha mwanangu mwanamke, hapana, siwezi. Kwa hiyo mjukuu anaenda shule ya serikali asubuhi, saa sita anarudi kwa mama yake. Mwalimu mkuu, mama mmoja mpole, alikubali hivyo. Nilimshukuru mpaka nikamwimbia, akaniomba ninyamaze. Wako watoto wachache wa namna hiyo hapo shuleni, wanawaita "wa nusu". Wakapewa sweta za kijivu. Wenye siku nzima wanavaa za rangi ya damu ya mzee.

Sasa sikieni. Masomo ya maabara ya kemia yako asubuhi. Mtoto yuko palepale shuleni, lakini mlango ule haingii. Mwalimu akiona kijivu anasema, "Nusu, kaa barazani." Ati vifaa ni vichache, ni vya wenye siku nzima. Na huyu mtoto anataka kuwa nesi! Mtihani wa kemia atauvuka vipi kama chupa zenyewe hajazishika? Nikamuuliza, "Huko barazani unafanya nini?"

Akasema, "Nanusa, Jjajja. Harufu inatoka dirishani, najaribu kujua wamechanganya nini."

Nilicheka sana. Halafu nikaingia chooni nikakaa huko muda mrefu, na tumbo halikuwa linauma.

Kesho yake nikashuka Nakivubo, nikachimba kwenye mitumba mpaka nikapata sweta kama zile za siku nzima. Nikampa. "Jjajja wako alipita Kongo yote kwa kofia. Wewe ushindwe na mlango mmoja?"

"Na wakinikamata?"

"Waambie unanijua."

"Ndiyo watanifukuza mara mbili," akasema. Lakini akavaa.

Muhula mzima aliingia. Watoto ni wengi, mwalimu anaangalia rangi, sura hana habari nayo. Akirudi nyumbani mikono inanuka dawa, anamweleza mama yake jinsi maji yalivyogeuka bluu, na mama yake anacheka na ule upande uliobaki. Mimi huko nje nikawa natamba kwamba nyumbani kwangu kuna daktari, wenye vidonda wapange foleni.

Kumbe mtoto amewapita wote kwenye jaribio la kemia. Mwalimu akasoma jina lake mbele ya darasa ampongeze. Akashangaa, jina halijui. "Wewe ni wa wapi?"

Mjukuu wangu akasimama. "Wa nusu, sir."

Nikaitwa. Mwalimu mkuu akafunga mlango, akasema pole pole, "Mzee, nisikilize. Kama mtoto alifanya peke yake, huo ni utoto. Ataomba msamaha mbele ya shule yote kwamba alidanganya na kuiba nafasi ya wenzake, arudi kwa kijivu chake, yaishe. Lakini kama nyumbani ndio walimtuma, bodi watamtoa, na hawa wengine wa nusu sitaweza kuwatetea tena. Sasa niambie. Ulikuwa unajua?"

Wanangu, nimedanganya polisi wa nchi tatu. Uongo ninao mpaka wa kugawia majirani. Lakini pale niliomba siku tu. Nikasema, "Nyabo, mama yangu, nipe mpaka Jumatatu."

Nyumbani nikamwambia mtoto tuyamalize, mimi niseme sikujua, yeye aombe msamaha. Alikuwa anamlisha mama yake uji, hata hakugeuka.

"Msamaha wa nini, Jjajja? Mimi nilipoingia, kuna mtu alitolewa?"

"Ni maneno tu. Mimi naongopa kila siku na bado nakula."

Akaweka kijiko chini. "Ya simba sawa, yanatuchekesha. Hii ya kwamba mimi ni mwizi na wewe hukujua, usiiseme."

Mama yake akatoa sauti. Maneno anayoweza ni machache, tukainama tumsikie. Alisema, "Sweta." Tukamletea ile ya mitumba. Tangu siku hiyo ameishika na ule mkono mzima, hata akilala hataki tuichukue.

Jumatatu ndiyo hiyo imefika karibu. Nikisema ukweli, namfukuzisha shule, na wenzake wa nusu huenda nao wakaenda. Nikiongopa, anabaki, lakini anabaki barazani, ananusa, na shule yote inamuita mwizi. Nimefikiria pia niwatafute wazazi wa wale wengine tuende pamoja, tuulize kwa nini mtoto aliye ndani ya geti anafungiwa mlango. Lakini nani atafuatana na mzee anayejulikana kwa kuongopa?

Banange, jamani wenzangu, nishikeni mkono, niseme nini mbele ya yule mama? Nichekeni baadaye. Hii si ya simba.