Sato wa Ladha ya Stroberi

Katika kuzurura kwangu kote, nilichokitamani zaidi ni sato wa shangazi yangu wa Kisesa. Siku niliyorudi nilipitia mjini Mwanza, nikaacha sigara yangu ndogo ya umeme na kununua kubwa ya kisasa, yenye tangi la kujazia maji matamu ya stroberi. Nilijaza mwenyewe, kifuniko sikukikaza, nikaitia mfukoni.

Shangazi alitenga ugali na sato kwenye sinia moja, tule pamoja kama zamani. Nilinawa harakaharaka bila sabuni. Tonge la kwanza tu, samaki alikuwa na ladha ya pipi iliyooza. Mfuko wa suruali ulikuwa umelowa, vidole vinanata.

Shangazi alitema kiganjani. "We mtoto, umeshika nini?"

"Maji ya sigara, shangazi."

"Sigara gani inajikojolea?"

Alimega upande wote niliougusa, akauweka kwenye sahani na kuisogeza mbali na sinia. "Ulichochafua, maliza mwenyewe."

Nilinawa tena kwa sabuni, harufu ikagoma kutoka. Nikala pembeni peke yangu, nikimeza kila tonge bila kulitafuna.