Picha ya Baba Niliyoipitishia Mkasi

Nakumbuka Jumamosi ile wazazi wa Yohana walipokuja kwetu Bahati kujuana na wazazi wangu, na mpaka leo nikiikumbuka, mjukuu wangu, uso unaniwaka. Juzi ulinionyesha kwenye simu picha za zamani za vita, malori ya jeshi na majiko ya magurudumu, ukawacheka wapishi. Mimi sikucheka. Leo nitakuambia kwa nini.

Yohana alikuwa kijana wa Gilgil, nami nilimpenda hadi nikawa nasahau chumvi kwenye mboga. Alikuwa na kasoro moja: kujisifu kwamba baba yake aliendesha lori la jeshi wakati wa vita. Siku moja nikamjibu bila kufikiri, "Hata wangu. Tena yeye alikuwa dereva na fundi." Uongo mtupu. Baba yangu vitani alikuwa mpishi.

Shida ni kwamba ushahidi ulikuwa sebuleni kwetu, ndani ya fremu. Kushoto lori, katikati Baba na aproni yake, kulia jiko la jeshi lenye bomba la moshi, na mkono wake umeshika mwiko ndani ya sufuria ambayo ungeweza kumwogeshea ndama. Asubuhi ya Jumamosi ile, Baba akiwa shambani, nilichukua mkasi wa Mama wa kushonea nikalikata jiko lote. Mkono wa Baba nao ukaenda nalo, ningefanya nini? Aproni nikaipaka wino ikawa koti. Kile kipande nilikitia motoni, nikairudisha picha ukutani, nikajiona mjanja kweli.

Wageni walikuja na pikapu yao. Ilipanda mlima ikikohoa, ikafika langoni kwetu, ikazima. Mzee Zakayo, baba yake Yohana, alishuka akijifuta jasho.

"Macho yangu yameisha," akasema. "Siku hizi hata waya sioni."

Yohana, bila nia mbaya yoyote, akasema, "Si fundi tuko naye hapa? Tabitha aliniambia mzee alikuwa fundi wa jeshi."

Baba alinitazama. Mimi nilitazama viatu vyangu. Angeweza kuniumbua palepale, lakini alikunja mikono ya shati akaenda kwenye lile gari. Walipomfungulia boneti, aliinama akanusa. Akagonga rejeta kwa kidole. Akanusa tena, kisha akatoa uamuzi kama mtaalamu: "Imekosa maji. Mngeendelea hivi, ingeshika chini. Ipunguzieni moto kwanza."

Mzee Zakayo alicheka mpaka akashikilia mlango wa gari. "Wacha mchezo, mzee mwenzangu! Hivyo wanaongea watu wa jikoni. Wewe ulikuwa mpishi!"

"Nilikuwa mpishi," Baba akasema. "Nani alisema mimi ni fundi?"

Wote wakanigeukia. Tulipoingia ndani, mambo yakazidi kuharibika, kwa sababu Mzee Zakayo alikwenda moja kwa moja kwenye picha. "Na mkono wa huyu uko wapi?"

Baba alisogea, akapitisha kidole mahali mkasi ulipopita. "Tabitha," akasema polepole, "mkono huo ndio umekulisha wewe."

Nililia, mwanangu. Nilijua nimemuumiza baba yangu, na nilijua Yohana ananiponyoka.

"Wacha kulia," Mzee Zakayo akaniambia. "Lori langu lilipokwama, tulitembea kwa miguu. Siku jiko lilipokwama, wanaume wazima tulilia kama wewe hivi." Akamgeukia Baba. "Msichana tunamtaka. Lakini siku ya arusi wewe ndiye utasimamia chakula. Na mikasi ifichwe."

Ndivyo nilivyoolewa na Yohana, babu yako. Na ile picha ndiyo hiyo iliyo ukutani kwangu. Nasikia wewe na ndugu zako mnawaambia marafiki zenu kwamba baba yangu alipoteza mkono vitani. Hapana. Aliupoteza hapa Bahati, kwa mkasi wangu, na hakuna wa kuurudisha.

Kwa hiyo, mwanangu, usimpunguze aliyekulea ili wewe uonekane mkubwa mbele za watu. Wakikuuliza kazi ya mzazi wako, itaje kama ilivyo, kwa sauti ya kusikika. Mungu akupe riziki ya mikono yako, na akujalie watoto watakaokutaja mzima, bila kukukata popote.