Kikohozi Mbele ya Dhahabu

Jumanne niliingia duka la dawa pale Ruiri na binti yangu wa miaka minne, aliyekuwa akikohoa tangu Jumapili. Kwa ndani ya dirisha, mzee mmoja alikuwa akiandika jina la duka kwa karatasi nyembamba za dhahabu, herufi zikienda kinyumenyume ili wa nje wazisome sawasawa. Feni ilikuwa imezimwa.

"Mama, huyo mtoto asikohoe," alisema bila kugeuka. "Hii dhahabu inapeperushwa hata na pumzi. Na nimebaki na karatasi moja tu."

"Nimemleta kwa sababu anakohoa."

"Ngoja kidogo, mama. Ni herufi ya mwisho," mwenye duka alininong'oneza, kiwiko chake kikigusa chupa za dawa ya kikohozi.

Mzee alipitisha brashi shavuni ili ishike mafuta kidogo, akainua nayo ile karatasi. Ikatetemeka hewani. Mabega ya binti yangu yakaanza kuruka. Nikamziba mdomo kwa kiganja, macho yake yakajaa machozi, na foleni nzima nyuma yetu ikaacha kupumua.

Dhahabu ikanasa kwenye kioo alichokuwa amekilowesha kwa gundi.

"Haya, kohoa sasa, mami," mzee akasema.

Binti yangu alikohoa mpaka akamtapikia mzee viatuni. Mzee alikagua herufi kwanza, viatu baadaye.

Nilikuwa njiani kurudi nyumbani nilipotambua kwamba hakuna aliyeniambia nimzibe mtoto mdomo. Nilifanya mwenyewe, kwa ajili ya herufi ya duka la mtu. Na ubaya ni kwamba ile herufi ilitoka vizuri sana.