Waya Katika Kidole cha Mama

Kidole cha pili cha mguu wa kulia wa mama kilijikunja polepole kwa miaka mingi, mpaka kiungo cha katikati kikasimama juu na ncha ikachimba chini kama nyundo. Kila alipovaa gambuti, kiungo kile kilisugua mpira hadi kikatoka damu. Na bila gambuti mama hawezi kuishi Subukia. Huko ana viazi, ana ng'ombe mmoja, na matope hayaishi. Alikubali kupasuliwa kwa sababu moja tu, arudi kwake akatembee shambani. Mimi nilikubali kwa sababu angekaa kwangu mtaani Free Area, Nakuru, akipona, na moyoni nilitaka akae hata zaidi. Nayasema haya mapema nisije nikajifanya mtakatifu.

Daktari wa mifupa tuliyemwona mjini Nakuru alikuwa kijana mpole, anayechora huku akieleza. Angekata kipande kidogo cha mfupa kwenye kiungo, anyooshe kidole, kisha akishikilie mpaka mifupa ishikane. Kulikuwa na njia mbili za kukishikilia. Ya kwanza ni waya, unaopita ndani ya kidole na kuchomoza kwenye ncha. Unakaa wiki kama sita, kisha unavutwa kwa koleo. Ya pili ni skrubu ndogo inayofichwa ndani ya mfupa na kubaki humo. Waya ni rahisi kutoa, lakini haupendi maji wala kugongwa. Skrubu haigongwi, ila ikileta shida lazima upasuliwe tena.

Akaweka kalamu chini, akamtazama mama. "Mama, wewe ni mtu wa kutulia?"

Nimefundisha darasa la nne miaka mingi, na ugonjwa wangu ni kujibu kabla swali halijaisha. "Atatulia, daktari. Mimi mwenyewe nitahakikisha. Weka waya." Sikupenda wazo la chuma kubaki ndani ya mama yangu. Mama alinyamaza. Mbele ya watu waliosoma, yeye hunyamaza.

Wiki mbili za kwanza alitulia kweli. Alikaa kwenye kiti karibu na dirisha, mguu juu ya stuli, waya umechomoza kwenye bandeji. Alinitania kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na kwangu siku zimepita hata kijembe hajakiona. Jioni alimpigia jirani yake simu kuuliza ng'ombe amekula nini.

Wiki ya tatu, akina mama wa kanisa lake wakaja kumwona, nikiwa shuleni. Walitoka Subukia na gari la kukodi, wakaleta unga, sukari na maziwa, wakaomba, wakanywa chai. Dereva alikuwa ameegesha kule barabarani, maana njia yetu ilikuwa tope tupu baada ya mvua. Walipoaga, mama akasimama. Kwao mgeni haachwi mlangoni. Anasindikizwa, hasa aliyekuja kukuona ukiwa mgonjwa. Alivaa kile kiatu cha hospitali kilichoachwa wazi mbele, akatembea nao tope lote hadi barabarani. Akirudi, akajikwaa kwenye jiwe. Waya ukapinda, ukaingia ndani kidogo.

Hakuniambia. Alifuta tope, akavaa soksi juu ya bandeji. Nilipomuuliza soksi ni ya nini, akasema ni baridi. Siku ya nne nilisikia harufu nikiwa nampelekea chai; nikavua soksi, naye akakiri yote.

"Mama, kwa nini ulienda?"

"Sasa ningewaacha waende hivyo tu, kama watu wamefukuzwa?"

Nilimfokea. Mwanamke wa miaka sabini na mbili, nikamfokea kama mtoto aliyepoteza kitabu. Hadi leo naona aibu.

Waya ulitolewa siku hiyo hiyo, na usaha ukafuata nyuma yake. Tulisafisha kidonda kwa miezi miwili. Kilipofunga, kidole kilikuwa kimejikunja tena na kulalia kidole gumba. Mama aliuliza mwenyewe kuhusu ile skrubu. Daktari akainua picha ya eksirei kwenye mwanga, akatuonyesha mahali mfupa ulipoliwa. Skrubu haingekuwa na pa kushika. Na gambuti ikimchubua pale, akasema, kidonda kitafunguka, na mara hiyo tutazungumza habari ya kukata.

"Kwa hivyo, gambuti hapana," mama akasema.

"Hapana, mama. Pole."

Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Lile swali la kutulia lilikuwa lake, na jibu alilijua tangu akiwa msichana: hajawahi kutulia maishani mwake. Angelijibu mwenyewe, pengine angewekewa skrubu, na leo angekuwa shambani.

Tulipofika nyumbani akaniomba nimpigie jirani, kwa kuwa hakuwa na miwani. Nikapiga, nikampa simu. Alimweleza kwa utaratibu: ng'ombe akamuliwe kutoka upande wa kulia, asifungwe miguu, na apewe chumvi kwanza ndipo ateremshe maziwa. Jirani akauliza jambo.

"Hapana, sitamrudia," akasema. "Huyo sasa ni wako."

Akanirudishia simu, akaniuliza kama kuna viazi vya kumenya.