Jua Lililokataa Kuchwa

Bishara anauza maziwa stendi ya Garsen tangu bintiye wa pekee, Darmi, akiwa wa kubebwa mgongoni. Umri wote huo hajawahi kukosana na jua. Likikaribia kuchomoza anakama, likichwa ng'ombe wanarudi bomani, basi. Kwa hiyo Darmi, aliyeolewa katika mji mdogo kaskazini kabisa ya Norwei, alipompigia kumwambia kwamba huko jua halichwi msimu mzima, Bishara alidhani mtoto ana homa.

"Sisi tumewatangulia saa moja tu," alimkumbusha. "Tukimalizana nalo hapa, si linawafikia ninyi?"

"Halichwi, mama. Tazama!"

Ilikuwa kabla ya alfajiri, Bishara anakama kwa tochi. Darmi akaigeuza simu dirishani. Lahaula! Jua linawaka kweupe, na mji mzima umelala. Mapazia yamefungwa, barabara tupu, bibi mmoja tu anamtembeza mbwa wake. Garsen yenyewe wakati wa jua kali hata mbuzi hupigania kivuli, seuze watu walale usingizi wa usiku! Bishara alisahau maziwa, yakafurika yakamwagika, wala hakujali.

Ikaja siku ya Arafa. Darmi alitaka kufunga, na imamu wa huko aliwaruhusu kufuata saa za mji ambao jua lake linachwa. Akachagua kwao.

"Niwekee simu, mama, nisikie adhana ya Garsen. Nisipoisikia, sifungui."

Bishara alimjua mwanawe. Ukaidi ameurithi kwa marehemu babake: akisema hafungui, hafungui, hata adondoke. Na kutwa nzima alikuwa amesimama kiwandani akisafisha samaki.

Magharibi ilipokaribia, Bishara alisimama mlangoni, simu ameiinua kuelekea msikitini, mkono mwingine kikombe cha maziwa. Dhadho, kakake Bishara anayechunga ng'ombe, siku hiyo alichelewa. Muadhini anaanza tu, ng'ombe hao, wakaingia kwa kishindo huku wakilia, na ndama wakaitikia kwa fujo. Hakusikika mtu. Kabla hawajatulia, mtandao ukakatika.

"Dhadho, umeniulia mtoto leo!"

"Mimi? Ng'ombe wana saa?"

Bishara akapiga, akapiga tena. Wapi! Dhadho akamsihi angalau anywe maziwa yake, maana Bishara naye alikuwa amefunga. Akakataa kata kata. Atakunywaje, na Darmi amekaa na njaa mbele ya jua lisilo na haya, akingoja sauti ambayo haikufika? Roho ilimuuma.

Giza lilikuwa limeshatanda simu ilipolia. Uso wa Darmi ukatokea, anatafuna tende.

"Umefungua?"

"Zamani, mama!"

"Na adhana hukuisikia!"

"Nilisikia ndama." Darmi akacheka, macho yamemlengalenga. "Nimekulia hapo, mama. Ndama wakililia mama zao namna ile, jua limeshachwa. Nikasema bismillahi."

Nyuma yake, dirishani, lile jua la Norwei lilikuwa juu bado, linawaka kana kwamba hakuna aliyefuturu. Bishara akalitazama. Machozi yakamtoka. Ndipo alipokikumbuka kikombe mkononi mwake, akanywa.